Kabla Hujaziba Pengo, Uliza Nani Analifagia

Wanangu wachora ramani, ondoeni kwanza mkono kwenye mausi ya kompyuta. Kile kitufe cha kuziba mapengo yote kwa mpigo hakikimbii, mtakikuta hapo hapo mkimaliza kunisikiliza. Nami nimewahi kukibonyeza, najua utamu wake. Najua pia kilichonipata.

Mnaniita Mama Kulwa, na wengine nyuma ya mgongo wangu Bibi Ramani. Nimechora mipaka ya watu wa jiji hili tangu enzi za wino na wembe wa kukwangulia makosa hadi enzi za droni. Sasa nimestaafu, nipo zangu Ukonga, namwagilia mchicha na kugombana na fundi wa vigae. Huyo fundi ameapa harudi kwangu. Alipomaliza bafu nilisimama mlangoni nikamwonyesha sehemu saba ambazo vigae havikukaa sawa. Akaniuliza, "Mama, ulikuwaga mwalimu?" Nikamwambia hapana, nilikuwa natafuta mapengo. Akanitazama, akaosha mwiko wake, akaondoka.

Kwa aliyeingia humu bila kujua tunazungumza nini: kwenye ramani ya kompyuta kila kiwanja ni umbo lililofungwa pande zote, wenyewe tunaliita poligoni. Viwanja vinavyopakana vinatakiwa vigusane kabisa. Visipogusana hubaki uwazi katikati, pengine mwembamba kuliko uzi, na macho hayauoni. Lakini uwazi huo ni ardhi, na ardhi hiyo kwenye ramani haina mwenyewe. Siku hati zikitoka, ugomvi unaanzia hapo.

Enzi za karatasi hatukulijua tatizo hili. Majirani wawili walitumia mstari mmoja. Ukishauchora, umewachorea wote wawili. Kompyuta ilipokuja ikaleta mambo ya kitajiri: kila kiwanja na uzio wake. Nyuzio mbili zinatakiwa zilale pamoja kama mume na mke waliopatana. Mkono wako ukiteleza kidogo, au ukisahau kuwasha ile sumaku ya programu inayouvuta mshale mpaka kwenye kona iliyopo tayari, basi mmoja analala huku na mwingine kule, na katikati pengo.

Niwape dawa zangu, maana najua ndizo mlizozifuata.

Ya kwanza nilirithi kwa Mzee Ngonyani, msimamizi wetu wa chumba cha wachoraji. Mzee yule alikuwa mkali kama pilipili kichaa, na sijapata kuona mkono uliotulia kama wake. Tukimaliza kupaka viwanja rangi kwenye karatasi ya kuangazia, aliiweka juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake. Pale rangi ilipokosa kufika, mwanga ulichungulia.  Aliweka kidole tu pale, akakutazama. Mimi kompyuta ilipokuja nilifanya vile vile: nilitandika mstatili mkubwa mwekundu chini ya viwanja vyote, viwanja nikavipaka rangi nyeupe, na mistari ya mipaka nikaiondoa kabisa. Msisahau kuiondoa hiyo mistari, maana mstari wenyewe ndio unaolificha pengo. Ukikuza picha, nyekundu itajisema yenyewe.

Ya pili, viunganishe viwanja vyote vya kitalu, yaani vya eneo moja la upimaji, viwe poligoni moja. Vikiungana vizuri unapata shuka zima. Vikiwa na mapengo unapata shuka lenye matundu, na kila tundu utaliona lilipo. Ya tatu ni hesabu: jumlisha maeneo ya viwanja na barabara zake, linganisha na eneo la kitalu kizima. Hesabu haikwambii pengo liko wapi, inakwambia lipo. Ila msiiamini peke yake, kwa sababu viwanja vikipandana mahali pengine, ziada ya kule inaweza kufunika upungufu wa huku.

Ya nne ndiyo mnayoipenda, ile ya kuiamuru programu itafute yenyewe na kukuletea orodha. Mara ya kwanza kuitumia nilikaribia kulia. Nilikuwa nimechora kitalu kimoja cha Mbezi Luis kwa uangalifu wote, viwanja vimekumbatiana kama watoto mapacha, halafu programu ikaniambia kuna pengo kubwa ajabu linalozunguka kitalu chote. Nilihangaika asubuhi nzima. Kumbe ilikuwa inaniambia kwamba nje ya kitalu changu hakuna kiwanja! Dunia nzima iliyobaki, pamoja na bahari na Zanzibar, ilikuwa pengo langu. Nyie mkiliona hilo la nje, lipuuzeni kwa amani.

Sasa nimwingize mtu ambaye ndiye hasa sababu ya maneno haya.

Kibwana alikuwa mshika futi. Yaani mpimaji anasimama na chombo chake, na Kibwana anakimbia na ncha ya futi kamba, anapita uani kwa watu, anaruka mifereji, anasalimia, anatuliza mbwa. Mzaramo wa asili, mtoto wa Temeke, aliyeishia darasa la saba. Mimi Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo tulikuwa watani, na utani wetu haukupumzika hata siku moja kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja.

"Nyie Wanyamwezi mlikuja pwani na mizigo kichwani," alikuwa akiniambia, "ndiyo maana mpaka leo hamjui kuangalia chini."

"Na nyie Wazaramo mnaangalia chini mnatafuta nini, kama siyo ngoma inachezwa wapi?"

Lakini moyoni nilimheshimu kuliko mainjinia wote niliowahi kuwachorea. Nilikuwa naijua ramani. Kibwana alikuwa anaijua ardhi, na hayo ni mambo mawili.

Nitawapa mfano mmoja. Kule Mbagala tulikuta wanaume wawili, majirani, wameshikana mashati kwa ajili ya mpaka. Mmoja anasema unapita hapa, mwingine anasema hapana, unapita pale. Mpimaji wetu alitaka kugawa katikati. Kibwana akamwambia, "Braza, tuondoke. Turudi kesho saa kumi na mbili asubuhi." Tukarudi. Kibwana akatukalisha kwa muuza kahawa ng'ambo ya njia, akaagiza vikombe na kashata, akasema tutulie tuangalie. Kulipopambazuka wakatoka wake wa wale mabwana, kila mmoja na ufagio wake. Wakafagia. Huyu akafagia mpaka mahali fulani akageuka. Yule naye akaja kutoka upande wake, akafika pale pale, akageuka. Hawakutazamana wala hawakujadiliana. Pale zilipokutana alama za fagio mbili, Kibwana akaenda akachomeka mambo, kile kijiti cha kutia alama ya mpaka.

Wale wanaume wakakubali, maana wangewajibu nini wake zao?

"Mtani," aliniambia tulipokuwa tunarudi, "ufagio hauna tamaa. Hakuna mwanamke atakayefagia uchafu wa jirani kila siku ya Mungu, na hakuna atakayeuacha wa kwake. Ukitaka kujua mpaka, usiulize mdomo."

Nililicheka neno lile. Nikaja kulikumbuka kwa machozi.

Ilikuwa kazi ya urasimishaji, yaani kuwapimia watu waliokwishajenga ili wapate hati, mtaa mmoja wa huku huku Ukonga upande wa kuelekea Pugu, nyumba zilizojengwa kila mtu alivyojaaliwa. Droni iliruka ikapiga picha. Sisi ofisini tukachora viwanja juu ya picha zile, huku Kibwana na wenzake wakipita chini kwa miguu na karatasi za kuandikia. Mimi ndiye niliyekuwa msafishaji wa mwisho. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mchoro hauna pengo hata moja kabla haujabandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, wananchi waje wauhakiki na kuusaini.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na saa kumi nilikuwa na mazoezi ya kwaya. Programu ikaniletea orodha ya mapengo, ndefu kama orodha ya wachangiaji wa harusi. Nilianza vizuri. Nikayafungua moja moja, nikayakuza, nikayatazama. La kwanza mkono wa mchoraji umeteleza. La pili vile vile. La thelathini vile vile. Nilipofika la arobaini nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba yote ni baba mmoja mama mmoja. Basi nikaiambia programu: kila pengo lenye upana chini ya nusu mita, lizibe, umpe yule jirani anayepakana nalo kwa urefu zaidi. Nikabonyeza.

Wanangu, orodha ile ilifutika yote. Sifuri! Nilijipigia makofi peke yangu, nikachukua kitabu changu cha nyimbo nikaondoka. Karatasi za Kibwana zilikuwa ndani ya faili, mkono wangu wa kushoto. Sikuzifungua.

Mchoro ukabandikwa. Watu wakaja, kila mmoja akatafuta jina lake na kiwanja chake, akaridhika, akasaini. Hakuna aliyelalamika. Hapa ndipo pabaya pa kazi yetu: pengo lililozibwa vizuri halionekani kwamba liliwahi kuwepo. Mtu anakitazama kiwanja chake, hatazami kilichokosekana pembeni.

Jumamosi ya wiki iliyofuata simu ikaita. Kibwana.

"Mtani, uko wapi?"

"Nyumbani. Kuna nini?"

"Njoo huku mtaani. Usitume mtu, njoo mwenyewe. Ramani yako imeziba njia ya bibi mmoja wa huku, Bi Mwanahawa."

Sauti yake haikuwa na utani hata chembe, na hilo ndilo lililonitisha. Nilipita ofisini kwanza, nikafungua lile faili. Karatasi ya eneo lile ilikuwa ya tatu kutoka juu. Kibwana alikuwa amechora nyumba mbili zinazotazamana ubavu, na kati yake, kwa penseli na mwandiko wake wa kulala, ameandika: "Njia. Jeneza linapita."

Niwaeleze maneno hayo, maana wengine wenu mmekulia kwenye magorofa. Wenyeji wa pwani walipokuwa wakigawana maeneo ya kujenga hawakupima vichochoro kwa mita. Walipima kwa jeneza. Watu wawili mbele, wawili nyuma, jeneza mabegani, wapite bila bega kugusa ukuta. Ukijenga ukabana zaidi ya hapo, umemfungia jirani yako maiti ndani, na hakuna aibu inayozidi hiyo. Nilikuwa nimelisikia jambo hilo tangu siku zangu za mwanzo Dar. Nililijua, na bado nililiziba.

Mnajiuliza njia inayopitisha watu wawili sambamba imekuwaje chini ya nusu mita? Ni kwa sababu droni inapiga picha kutoka juu, na kutoka juu unaona bati, huoni ukuta. Nyumba zile mbili mabati yake yalikuwa yametokeza kila upande, yakakaribia kugusana hapo katikati. Chini yake watu walipita kwa raha zao miaka yote. Sisi tulichora viwanja kwa kufuata ukingo wa bati, ukabaki uzi mwembamba, na ule uzi nikampa jirani mwenye mpaka mrefu zaidi.

Jirani huyo alikuwa Baba Happy, mwalimu wa hesabu wa sekondari, mtu wa bara kama mimi, mstaarabu, hana makuu. Alikuwa hajamaliza mwaka tangu anunue. Nyumba ya upande wa pili ilikuwa ya kupangisha na mwenyewe haishi hapo. Bi Mwanahawa alikuwa nyuma yao, kulia ukuta wa mtu, kushoto ukuta wa mtu, mgongoni korongo. Njia yake ya kuufikia ulimwengu ilikuwa hiyo moja.

Nilipofika nilikuta mafundi wameshachimba msingi wa ukuta, mtaro umenyooka katikati ya njia, na kamba ya fundi imevutwa kutoka mambo hadi mambo. Bi Mwanahawa alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani kwake, anachambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye ramani?"

Nikasema ndiyo. 

"Nimemwambia Kibwana asigombane na mwalimu," akasema. "Mwalimu ana karatasi. Mie nina nini? Nina ufagio tu."

Nikatazama. Njia ile ilikuwa imefagiwa, alama za ufagio zinaonekana mpaka ukingoni mwa mtaro, na ng'ambo ya mtaro zinaendelea mpaka barabarani. Alikuwa ameuruka mtaro, mwanamke wa umri ule, akaenda kumalizia kipande cha mbele. Nawaambieni niliona haya sijapata kuona.

Nikamfuata Baba Happy, nikamwambia ukweli: ramani imekosea, na aliyekosea ni mimi. Jumatatu mchoro ulikuwa unapelekwa kuidhinishwa. Ukishaidhinishwa, kuurekebisha ni kazi ya miaka, na Bi Mwanahawa hakuwa na miaka ya kuchezea.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Mama, mie siyo mwizi. Hiyo ramani mmechora nyie, mkabandika nyie, mkaniambia nisaini. Nimesaini. Leo unaniambia ilikuwa na makosa. Sawa. Sasa nitajuaje kwamba hiki unachoniambia leo chenyewe hakina makosa?"

Swali la mwalimu wa hesabu.  Nilikuwa na karatasi ya penseli mkononi, naye alikuwa na ramani ya rangi inayosubiri mihuri tu. Ningekuwa yeye, nami ningeiamini ile ya rangi.

Kibwana aliyekuwa amechuchumaa pembeni akasimama, akajipangusa vumbi. "Mwalimu, mpaka adhuhuri utakuwepo?"

"Nipo."

"Basi mafundi wako wapumzike kidogo. Nakuomba kama mtani wa mama huyu."

Akaondoka kuelekea msikitini. Baada ya swala tukamwona anarudi na wanaume watatu, na mabegani mwao jeneza la msikiti, tupu. Alikuwa amemwomba imamu, na imamu amekubali. Mtaa ulisimama. Jeneza likitembea watu hawaulizi kama lina mtu ndani. Wauza genge wakanyamaza, mama mmoja akajifunga kanga kichwani akaanza kulia kabla hajajua anamlilia nani, na watu wakawa wanaulizana, "Nani tena? Nani?"

Bi Mwanahawa akatoka barazani na ungo wake, akaliona jeneza linaelekea kwake.

"Kibwana! Mmenifuata mie?"

"Hapana, bibi, tunapima."

"Haya, maana sijawa tayari. Nina maharage jikoni."

Watu wakacheka, hata yule aliyekuwa akilia akacheka na machozi yake. Lakini walipofika kwenye njia kicheko kikaisha. Wale wa kulia walipita. Wale wa kushoto hawakuwa na pa kuweka mguu. Palikuwa na mtaro. Kibwana, aliyekuwa mbele kushoto, akashuka mtaroni, jeneza likalala upande. Angekuwemo mtu, angeteleza. Wakasimama hivyo hivyo, jeneza limeinama.

Baba Happy akalitazama jeneza. Halafu akaanza kusema, kama anajisemea mwenyewe, "Mdogo wangu alifia kwenye nyumba tuliyopanga zamani. Palikuwa pamebanana. Sanduku halikupita mlango wa uani, tukampitisha juu ya ukuta. Watu huku wanasukuma, watu kule wanapokea. Kama mzigo. Mama yangu aliona."

Akainama, akang'oa mambo ya kwanza. Akaizungusha kamba ya fundi kwenye kiganja chake, akawa anatembea anaikunja mpaka mambo ya pili. Alipomaliza akamgeukia Kibwana.

"Mzee, la kwenu hilo linabebwa na wanne. Letu sie sanduku, ni pana zaidi. Njia hii inatosha?"

Kibwana akacheka, bado yuko mtaroni. "Mwalimu, ukitaka kuongeza, nani atakukataza?"

Naye akaongeza. Hatua moja ya mguu wake, akaisogeza mwenyewe. Sijasahau ile hatua. Nimefanya kazi na watu wanaopigania unene wa mstari, na siku hiyo nilimwona mtu anatoa ardhi yake bila kuombwa.

Mafundi wakafukia mtaro mchana ule ule. Mimi Jumapili baada ya ibada nilisimama mbele ya mkutano wa mtaa nikaeleza kosa langu kwa kinywa changu, na wote waliohusika wakasaini upya. Bosi wangu aliniambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na nilistahili kila moja. Kisha nikarudi kwenye orodha ya Ijumaa, nikaifungua upya yote, pengo kwa pengo, Kibwana amekaa kiti cha pembeni na karatasi zake. Mengi yalikuwa mikono iliyoteleza kweli. Lakini tulipata mawili mengine: mfereji wa maji ya mvua, na kipande chenye makaburi matatu ya ukoo. Nusura niwazibie watu mkondo wa maji na nifute wafu wao, kwa ajili ya mazoezi ya kwaya.

Kwa hiyo chukueni hili. Orodha ya mapengo ni orodha ya maswali. Kwa kila pengo jiulizeni: liko kwenye mchoro, au liko kwenye ardhi? La kwenye mchoro, zibeni bila huruma. La kwenye ardhi msiliache wazi mkidhani mmelitendea wema, maana atakuja mwingine na kitufe chake alizibe. Lichoreni. Lipeni poligoni yake, namba yake na jina lake. Njia ya Bi Mwanahawa niliichora kwa kufuata ukuta, siyo bati, nikaandika "njia ya miguu". Programu haina nafasi ya kuandika jeneza. Na kama hamna uhakika, vaeni viatu, nendeni asubuhi, mwangalie nani anafagia.

Kibwana ametangulia mbele ya haki. Mimi kama mtani wake nilikwenda msibani nikazuia mlango, nikadai Mzaramo huyu hatoki mpaka anirudishie futi kamba yangu, na wenyewe wakacheka kama inavyotakiwa. Nilipofika nyumbani ndipo nikalia. Hakuna programu mliyonayo inayoweza alichokuwa anaweza, na nazipenda programu zenu.

Nimalizie na jambo la juzi juzi. Bi Mwanahawa aliugua ghafla, kifua, hawezi kusimama. Baba Happy na vijana watatu wa mtaani wakamlaza juu ya godoro, wakambeba mabegani, wawili mbele, wawili nyuma, wakapita kwenye ile njia mbio mbio mpaka barabarani kwenye gari, bila bega kugusa ukuta. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu wangempoteza. Baada ya wiki kadhaa akarudi, akapita pale pale kwa miguu yake.

Nikaenda kumwona. Nilimkuta njiani, na ufagio, anafagia mdogo mdogo na kupumzika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mama ramani, hii njia bado iko kwenye makaratasi yenu?"

"Ipo, bibi. Ina namba na jina."

Akafagia majani mawili yaliyobaki, akajinyoosha mgongo.

"Iacheni hapo hapo," akasema. "Sijamaliza kuitumia."